Mhariri amenirudishia habari mara tatu, kisa aya ya kwanza

binti_langoni (Amu)

Assalaam aleikum wenzangu. Naomba msaada wa haraka, nina mpaka kesho saa nne asubuhi.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, huu ni mwezi wangu wa saba kazini. Sina mshahara, nalipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka ni yangu, nikaibandike ukutani nyumbani.

Jumanne boti ya abiria ilitoka gati la Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda Faza, kisiwa cha Pate, ikakwama Mkanda. Kwa asiyejua, Mkanda ni ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakijaa unapita, yakipwa unakaa. Ilikuwa na watu 23. Ilikaa juu ya fungu la mchanga tangu saa saba mchana, ikanyanyuliwa na maji saa moja jioni. Hakuna aliyeumia. Mimi nilizungumza na abiria saba na nahodha, nikaandika aya kumi na mbili. Nikaona mara hii nimepata.

Mhariri yuko Nairobi, simjui uso. Nilimpelekea hivi:

"Mnamo siku ya Jumanne, abiria ishirini na tatu waliokuwa wakisafiri kwa boti kutoka kisiwa cha Amu wakielekea Faza, Lamu Mashariki, katika Kaunti ya Lamu, walijipata katika hali ngumu baada ya boti waliyokuwa wakisafiria kukwama kwenye fungu la mchanga katika mkondo wa Mkanda ambapo walilazimika kusubiri kwa saa kadhaa."

Akajibu: "Nimechoka kabla ya kufika Mkanda."

Nikabadilisha: "Hali ya taharuki ilitanda katika mkondo wa Mkanda Jumanne baada ya..." Akajibu: "Ilitanda wapi, juu ya mikoko?"

Nikasema basi niandike kwa ufundi: "Bahari haina huruma, wala haina saa." Hiyo ndiyo iliyonitia aibu. Akajibu: "Hii khutba. Ijumaa bado."

Chuoni tulifundishwa nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Nimeyatia yote kwenye toleo la kwanza. Sasa nianzeje?

kijana_matondoni

Anza na wali.

binti_langoni

Wali gani? Sijataja wali mimi.

kijana_matondoni

Dada, mji wenyewe huu mdogo. Magunia matatu ya mchele yaliyokuwa yakisubiriwa gatini asubuhi ile, nani hakusikia watu wakiyaulizia?

mzee_wa_shela_MLD (Malindi)

Binti, kwanza pole. Halafu nikugombeze kidogo.

Mimi niko Malindi, Shela. Shela yetu, si yenu ya Lamu. Nilianza kuandika miaka ya themanini, wakati habari ilikuwa haitumwi, inasomwa. Unasimama ndani ya kibanda cha simu, shilingi umezipanga juu ya kile kisanduku, unamsomea mtu aliye Nairobi naye anapiga taipureta. "Koma. Nukta. Aya mpya. Hapana, Msabaha, M kama mama." Nyuma yako foleni, na daima kuna mmoja anayegonga kioo kwa ufunguo. Laini inakatika itakavyo. Siku moja nilikuwa na aya kumi, ikakatika nilipomaliza ya pili. Nilijaribu mpaka posta wakafunga. Kesho yake habari ikatoka na aya zile mbili, na haikupungukiwa na kitu. Iliniuma kweli. Zile nane nilizikesha.

Watu wa telegrafu waliyajua haya kabla yetu. Usiku wa Aprili 14, 1865, Lawrence Gobright wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, akiwa Washington, alituma kwa waya sentensi moja: kwamba Rais amepigwa risasi usiku huu ndani ya jumba la tamthilia, na huenda jeraha ni la kumuua. Basi. Hakumtaja Lincoln kwa jina, maana Rais ni mmoja. Hakusema ni nani aliyepiga wala kwa nini. Hayo maswali yenu sita ya chuoni, yeye aliyajibu manne, na hakuna msomaji aliyelalamika.

Sasa tutazame toleo lako la kwanza. Nimelihesabu, sina kazi nyingine siku hizi. Lina maneno 48. Neno "kukwama", ambalo ndilo habari, ni la 34. Boti umeitaja mara mbili na Lamu mara mbili, kana kwamba msomaji atazisahau njiani. Na mzigo wenyewe uko kwenye "waliokuwa wakisafiri" na "waliyokuwa wakisafiria". Kiswahili chetu kina ubaya huo: kinakuruhusu kumvika mtenda nguo tatu kabla hajatenda. Ukiona "waliokuwa waki-" kwenye aya ya kwanza, futa kwanza, halafu uangalie kama kuna kilichopotea. Mara nyingi hakuna. Watu wako ndani ya boti ya abiria, wangekuwa wakifanya nini kama si kusafiri?

"Mnamo siku ya Jumanne." Jumanne si siku? Sema "Jumanne" na uiweke karibu na kitendo, si mlangoni.

"Walijipata" nani kakufundisha? Mtu hujipata kama alikuwa amepotea. Na "hali ngumu" sijui ni nini. Matope ya magotini najua.

Halafu "saa kadhaa". Hapa nakuelewa, nadhani uliogopa kuandika "walikwama saa sita", kwa kuwa msomaji atadhani walikwama adhuhuri. Ulifanya vyema kuogopa. Lakini dawa si "kadhaa", dawa ni "kwa muda wa saa sita", au utaje mwanzo na mwisho: saa saba mchana hadi saa moja jioni. Usiandike "masaa", mhariri wa namna hiyo atakula nyama yako.

Jambo moja la mwisho kuhusu lugha, halafu nikuulize. Nimeona vijana wanaandika "boti imekwama" kwenye gazeti la kesho, wakati boti ishafika, abiria washakula na kulala. "Imekwama" ni ya redio, boti ikiwa bado juu ya fungu. Gazeti la kesho ni "ilikwama".

Haya sasa nijibu matatu. Boti ilichelewa kutoka kwa nini? Maana nahodha wa Amu hakosi kuijua Mkanda. Ndani ya boti alikuwemo nani? Na walikuwa wakienda Faza kufanya nini?

binti_langoni

Shikamoo ami. Nimesoma huku nimejifunika uso.

Boti ilikuwa itoke saa tatu asubuhi, maji yakiwa bado yanajaa. Mchele wa harusi ulichelewa, ukaja saa sita. Nahodha asema aliwaambia waondoke, mchele ufuate kesho, wenyewe wakakataa, maana harusi ni leo na mchele wa kesho ni wa nini. Walipofika Mkanda maji yashatoka. Walijaribu kwa upondo, wakashuka wanaume kusukuma, haikutikisika.

Ndani walikuwemo jamaa wa bwana harusi, mbuzi wawili, na bwana harusi mwenyewe. Nikaha ilikuwa baada ya Alasiri. Ilifungwa saa tatu unusu usiku. Yote hayo nimeyaandika ami, yako aya ya tisa.

mzee_wa_shela_MLD

Aya ya tisa!

Nimeweka kikombe chini. Bwana harusi kwenye aya ya tisa, na "hali ya taharuki" kwenye ya kwanza. Binti, wewe huna shida ya kuandika. Wewe umemficha mtu.

Ungekuwa barazani Langoni jioni ile, mtu akakuuliza kuna nini, ungemwambia "abiria ishirini na tatu"? Ungemwambia bwana harusi kalala na maji Mkanda, na watu wangesogea. Ulipokaa kuandika ukaona aibu, ukadhani habari lazima ivae suti. Wengi tunafanya hivyo. Mimi niliwahi kuandika "mnyama wa jamii ya kiboko" kwa habari ya kiboko wa Mto Sabaki, na mpaka leo kuna mzee hapa mtaani ananisalimu kwa jina hilo.

Jaribu hivi:

"Bwana harusi wa Amu aliwasili Faza usiku kwa nikaha iliyopangwa alasiri, baada ya boti iliyombeba yeye na watu 22 kukwama Mkanda kwa muda wa saa sita."

Maneno 26. Jumanne iingie aya ya pili, pamoja na kwamba Mkanda ni nini. Au, kama mhariri wako ni mtu wa kucheka, fuata ushauri wa huyo kijana wa Matondoni, ambaye naona ana jicho:

"Mchele wa harusi ulichelewa kufika gati la Amu. Maji hayakuungoja."

Hapo ni lazima sentensi ya tatu iseme nini kimetokea, wazi, bila pambo. Mwanzo wa namna hii ni deni. Ukikopa kwa sentensi mbili, lipa ya tatu. Waandishi wanaokopa aya nzima ndio wanaoandika "Bahari haina huruma".

sauti_asubuhi

Mzee, heshima yako, lakini hiyo ya maneno 26 mimi siwezi kuisoma hewani. "Iliyombeba yeye na watu 22 kukwama Mkanda", hapo pumzi ishakata.

Nasoma habari redioni, huku Kilifi, mwaka wa sita. Msikilizaji wangu yuko na kikaango, au yuko kwenye tuktuk, na mwanzo wa sentensi haumsikii. Sikio linachelewa kufika. Kwa hiyo nambari na majina siweki mwanzoni, yatamwagika. Naanza na kitu chepesi cha kumgeuza kichwa, halafu ndio nampa chenyewe:

"Kuna harusi imechelewa Faza, na aliyechelewa ni bwana harusi mwenyewe. Boti aliyopanda na jamaa zake ilikwama Mkanda, ikakaa mchana kutwa ikingoja maji."

Idadi ya watu naitia sentensi ya nne. Na Mkanda usidhani kila mtu anaijua. Msikilizaji wa Magarini ukimwambia Mkanda atafikiri unazungumzia kiunoni.

mzee_wa_shela_MLD

"Aliyechelewa ni bwana harusi mwenyewe." Hiyo nzuri, nakiri. Kwa gazeti ningeichukua na kuipunguza, lakini nzuri.

mwalimu_faza

Naona mnacheka. Wifi yangu alikuwemo ndani ya boti hiyo na mtoto wa miezi minane. Jua lile la saa nane mnalijua. Maji ya kunywa yaliisha saa tisa, wakapewa dumu moja na wavuvi waliopita kwa kidau. Jaketi za kuokolea zilikuwa tisa. Watu 23, jaketi tisa. Mkanda ni matope, lakini wangekwama mlango wa bahari wenye mawimbi tungekuwa tunaandika mwanzo mwingine. Bwana harusi kachelewa, sawa, kaoa. Hiyo ndiyo habari?

mzee_wa_shela_MLD

Mwalimu, umenirudisha kitini. Huo ndio ugumu wa aya ya kwanza, si maneno 26 wala 48. Ukiianza na harusi, msomaji anashika harusi, na jaketi zitasomwa kwa kicheko. Ukiianza na jaketi, ndoa inakuwa nyongeza.

Kuna mwandishi wa Miami, Edna Buchanan, alipata tuzo ya Pulitzer, ile kubwa ya waandishi wa Marekani, mwaka 1986. Alikuwa akiandika mauaji ya kila siku kule. Mwanzo wake unaosifiwa sana ni wa mtu aliyegombana kwenye foleni ya kuku wa kukaanga, mlinzi akampiga risasi kabla hajala. Aliandika maneno manne tu ya kwao, jina la mtu na kwamba alikufa hali ana njaa. Kila anayefundisha kazi hii anautaja. Sasa ujaribu kwa Kiswahili: "Fulani alikufa na njaa." Tayari umeandika uongo, umesema njaa ndiyo iliyomuua. Ndiyo maana siwapendi wanaonakili mianzo ya Wamarekani na kuivisha kanzu. Na hata kwa lugha yao, ni mwanzo wa mtu mmoja aliyekufa. Kuna jamaa zake walioamka wakausoma. Kuchekesha kunataka mkono mwepesi, na mimi mkono wangu ulishazidi mara moja mbili.

Lakini binti, kabla hujahamisha harusi: hizo jaketi umezihesabu? Kwenye aya zako kumi na mbili zimo? Mwalimu simkatai, ila amesikia kwa wifi. Usiweke mlangoni kitu ambacho nyumba haiwezi kukibeba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Kalamu ya kila mtu ilitaka kugawanya. Ukigawanya unapata kama 382,000 kwa kila kichwa, nambari tamu, inaingia aya ya kwanza bila kubisha hodi. Ila kugawanya kulifanywa na kikokotoo chako, si na jaji. Mvuvi akisoma "kila mvuvi atalipwa 382,000" atakuja kuzidai kwako. Mlangoni andika kilichoamuliwa, hesabu zako zingoje ndani zikiwa na jina lako.

Mpigie nahodha. Wapigie abiria wawili ambao si wifi wa mtu.

binti_langoni

Nimepiga. Nahodha asema jaketi zilikuwa kumi na tano, nyingine zilikuwa chini ya magunia. Abiria wawili, hawajuani, kila mmoja asema tisa. Mmoja alizihesabu, asema alikuwa na saa sita za kuhesabu. La maji ya kunywa na wavuvi, watatu wamelithibitisha, na mvuvi mwenyewe nimempata, yuko Kizingitini.

Ami, kwa hiyo naanza na ipi?

mzee_wa_shela_MLD

Zilizokuwa chini ya magunia hazikuwa jaketi, zilikuwa mto wa mchele. Hilo ni lake nahodha, mnukuu kama alivyosema, usiongeze neno.

Ningekuwa mimi ningeanza na bwana harusi, nikafupisha, na aya ya pili kabisa, si ya tisa, ikawa jaketi, pande zote mbili. Mwalimu ataona nimempunja. Lakini hakuna aliyezama, na huna bado habari ya jaketi; una mwanzo wa habari ya jaketi. Hiyo nenda kaifanye wiki ijayo, ukae gatini siku tatu, uhesabu boti kwa boti. Hiyo ndiyo itakayokuwa na aya ya kwanza ya kumnyima mtu usingizi.

mwalimu_faza

Sijaridhika, ila aya ya pili nitaikubali. Siku hizo tatu za kuhesabu, mimi nitakuja nikuhesabie upande wa Faza.

binti_langoni

Nimetuma saa tatu na dakika hamsini:

"Harusi ya alasiri Faza ilifungwa usiku Jumanne, baada ya boti iliyombeba bwana harusi na jamaa zake kukwama kwenye fungu la mchanga, Mkanda, kwa muda wa saa sita.

Abiria wawili walisema boti hiyo ya watu 23 ilikuwa na jaketi tisa za kuokolea. Nahodha alisema zilikuwa 15, nyingine zikiwa chini ya magunia ya mchele."

Mhariri kajibu neno moja: "Sawa." Sijui nicheke au nilie.

kijana_matondoni

Na wali?

binti_langoni

Imetoka leo. Wali umekatwa, kijana, na mbuzi pia. Harusi imebaki, jaketi zimebaki. Nahodha kanuna kidogo kwa yale magunia ila asema ni maneno yake.

Lakini mhariri hakulijua neno fungu. Kaandika boti "iligonga kilima cha mchanga". Tangu asubuhi mabaharia wananipigia simu. Nahodha mwenyewe kaniuliza hicho kilima cha Mkanda kiko wapi, akapande kuangalia maji yakija.